Kupenda watoto hakutoshi, ualimu wa chekechea ni kazi ya macho

Kila nikimwambia mtu nilisomea ualimu wa chekechea swali ni lile lile, sasa huko chuo mlikuwa mnasoma nini jamani, si ni kuimba na kuwafuta makamasi tu? Zamani nilikuwa nakasirika, siku hizi nacheka, maana na mimi niliingia na akili hiyo hiyo. Nilijijua napenda watoto, wa ndugu zangu karibu wote nimewabeba mgongoni, nikaona hii kozi naipita nimefumba macho.

Wiki ya pili tu ya mazoezi nikaumbuka.

Mkufunzi alitugawia vidaftari, kila mtu achague mtoto mmoja, amtazame dakika kumi, aandike anachokiona, basi. Mi nikachagua wa miaka minne aliyekuwa kwenye beseni la maji. Nikaandika: "Mtoto ni mkorofi, anachezea maji, hasikii." Nikafunga daftari roho kwatu. Mkufunzi akachukua kalamu nyekundu akakata "mkorofi", akakata "hasikii", akaniuliza, umeona nini? Nikamwambia si nimeandika hapo. Akasema hayo umeyawaza wewe, hujayaona, rudi ukakae tena.

Nikarudi nimenuna. Ila safari hii nikaandika hivi: anajaza kikombe kipana, anamimina kwenye chupa nyembamba, anainama mpaka macho yanakuwa sawa na maji, anarudisha kwenye kikombe, anamimina tena. Kwenye mara ya nne akaweka kidole kwenye chupa pale maji yalipofikia, akageuka kukitazama kikombe, kimya kabisa. Kumbe yule hakuwa mkorofi, alikuwa na swali lake analitafutia jibu na mimi ndo nilikuwa kelele.

Baadae darasani tukafika kwa Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi aliyeonyesha kwamba watoto wengi wa umri huo ukiwamiminia maji yale yale kwenye glasi ndefu nyembamba wanakwambia yameongezeka, kwa sababu wanaona yamepanda juu. Wenzangu wakawa wanakariri kwa ajili ya mtihani. Mi sikukariri, nilikuwa nishakiona kile kidole kwenye chupa.

Ndo maana nasema kozi nzima kiini chake ni hapo. Sio nyimbo, sio zile chati za ukutani tunazokesha kuzipaka rangi, wala sio andalio la somo lenye mistari iliyonyooka (na nimeandika maandalio mimi, usiniambie kitu). Hata Maria Montessori alikuwa daktari kabla hajafungua ile nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, na ukisoma habari zake unaona ni macho ya daktari yale yale aliyoingia nayo darasani, anatazama kwanza ndo anaamua.

Na hiki kitu cha "mi napenda watoto" wakati mwingine ndicho kinachoharibu. Mimi kwa kupenda kwangu nilikuwa nawafungia vifungo, nawamalizia minara yao ya vibao, mtoto akisita kidogo nishamshika mkono. Mmoja alikuwa anashika mkasi kidole gumba kikiangalia chini, kiwiko kiko juu hewani kama bawa la kuku, karatasi haikatiki inakunjika tu. Nikawa nakata mimi. Mwalimu mwenyeji, mama mtu mzima asiyeongea sana, akaniambia mwache huo mkasi, mpe udongo afinyange na vibanio vya nguo abanebane. Sikuelewa kabisa, mkasi na vibanio wapi na wapi? Kumbe kukata alikuwa anajua, ila vidole havikuwa na nguvu bado. Baada ya wiki kadhaa alikata ukanda wa kwanza mwenyewe, umepinda huo, akautembeza darasa zima.

Vygotsky, mwanasaikolojia mwingine, Mrusi huyu, alisema kuna ambayo mtoto anayaweza peke yake na kuna ambayo anayaweza akisaidiwa kidogo, na kazi ya kufundisha iko hapo katikati. Haya, sasa hapo katikati kwa huyu mtoto, leo, ni wapi? Hakuna kitabu kitakachokwambia hilo, itabidi ukae umtazame.

Kitu kingine kinachoniudhi ni ule utafiti maarufu wa shule ya Perry kule Ypsilanti, Marekani, ulioanza 1962. Watoto 123 wa familia maskini, 58 wakapelekwa chekechea, 65 hawakupelekwa, wote wakafuatiliwa mpaka utu uzima, na wale waliosoma wakawa na maisha mazuri zaidi kwa mambo mengi. Kila mtu anautaja kusema chekechea ina faida, sawa, lakini wanaruka kwamba walimu wa pale walikuwa wamesomea wakahitimu, kila mmoja na watoto wachache tu, na kila wiki wanaenda nyumbani kukaa na mtoto na mama yake. Ukiyatoa hayo ukabaki na chumba, watoto wamejazana na mtu yeyote aliyepatikana, usije ukataka matokeo yale.

Halafu unakutana na kozi za wiki chache, cheti mkononi, na mwanafunzi hajawahi kukaa na mtoto hata mmoja zaidi ya picha kwenye makaratasi. Hata kwetu hatukuwa malaika. Kwenye mazoezi ya mwisho aliyekuja kunipima (sio yule wa kalamu nyekundu) alikaa kama robo saa, akafunua maandalio, akahesabu zana, akasaini akaondoka. Hakumwangalia mtoto hata mmoja. Nilipata maksi nzuri sana na zinaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo wanaoniandikia kuniuliza wasome wapi, mi huwa sitaji chuo. Nawaambia nenda ukaulize, nitakaa na watoto siku ngapi, nani atakuja kunitazama na mara ngapi, na kile kidaftari changu kuna mtu atakisoma? Wakianza kukujibu habari za sare na mahafali, chukua mkoba wako uage vizuri.