Inapunguza moto, kasema fundi

Jumamosi mpwa wangu kaja hapa Bombolulu na Vitz yake, honi getini kama watu walioleta mahari, "Mjomba toka uone kitu!" Nikatoka na kikoi changu na chai mkononi. Akafungua buti. Sabufa mbili, sawa, hizo nazijua, mtaa mzima unazijua. Lakini kwenye shimo la spea tairi mkaaji mpya, betri. Imehamishwa kutoka mbele, imefungwa na vipande vya tyubu ya baiskeli kama kuku wa kupelekwa Kongowea, tamino ya chanya, kile kichwa cha kufungia waya, iko uchi haina hata kifuniko, na ubavuni mwake, wallahi siongezi chumvi, mtungi wa gesi wa mamake wa kilo 6, umelazwa, kijana yuko njiani kwenda kuujaza.

Chai ilinitoka.

Mtungi ni chuma jamani. Na ukiisha huwa haujaisha kabisa, kuna gesi inabaki mule. Sasa piga picha yuko kwenye bampu, mtungi unabiringika, unalalia tamino, upande wa pili unagusa bodi ya gari, ambayo ndo njia ya hasi. Mie sina haja ya kuwamalizia hiyo hadithi.

Nikamuuliza, fyuzi iko wapi? Akanionyesha ile ya amplifaya. Sio hiyo, nataka ya huu waya mnene unaotoka hapa kwenda mbele kwa stata, ile mota ya kuwashia injini. Akasema fundi kamwambia hiyo haina haja, "inapunguza moto," yaani nguvu ya umeme.

Inapunguza moto! Ndiyo mwanangu, ndo kazi yake hasa, kupunguza moto.

Kabla wale wa kusema mzee anaogopa mambo mapya hawajaanza, mie mwenyewe nishahamisha betri kwa mikono yangu, gari langu la zamani, na sababu nilikuwa nazo. Mbele kulikuwa kumebana, na joto la huku kwetu ukijumlisha na la injini betri zilikuwa zinanifia kabla ya siku zake. Kwa hivyo sikatai, ni kazi unayoweza kufanya mwenyewe nyumbani wikendi moja kama una spana na una subira. Subira ndo haiuzwi dukani.

Sasa nisikilizeni kuhusu huu waya maana hapa ndo watu wanachoma magari. Betri ikiwa mbele, waya wa stata ni mfupi, mara nyingi haufiki hata mita, na waliouchora kule kiwandani walikaa chini wakafikiria upite wapi usisuguane na kitu. Ndo maana gari nyingi hazina fyuzi kwenye waya huo na hakuna anayelia. Mpwa wangu alinirushia hiyo, "Mjomba mbona kampuni nayo haijaweka?" Swali zuri, kwa hilo nampa maksi zake. Lakini ukishapeleka betri nyuma huo waya sasa ni mita nne, tano, unapita chini ya kapeti, chini ya reli ya kiti, unapenya tundu la bati kwenye ukuta wa injini, na bati lile lina makali kama kisu cha samaki. Kila siku mtu anasogeza kiti mbele nyuma, kila siku gari inatetemeka kwenye mashimo, plastiki inaliwa polepole tu, huoni, husikii, mpaka siku moja shaba ya ndani inabusu bodi. Betri ya gari ikishikana hivyo inaweza kumwaga ampia mia kadhaa mpaka kupita 1,000 kwa mpigo, na hakuna wa kuisimamisha, ufunguo wa gari hauhusiki hapo, utazima gari na waya utaendelea kuiva mwekundu chini ya kapeti ambayo umekalia wewe na watoto.

Fyuzi hailindi redio. Hailindi sabufa. Inalinda waya. Na ndo maana inakaa karibu na betri, isizidi kama sentimita 45 kutoka kwenye tamino, kwa sababu kipande chochote kabla ya fyuzi kiko bila mlinzi. Ukiiweka mbele kule karibu na stata umeweka askari ndani ya chumba cha kulala na geti liko wazi. Stata ya gari ndogo inavuta kama ampia 100 mpaka 200 hivi inapoanza kuzungusha injini, kwa hivyo mnunue zile bapa kubwa za bolti mbili, 200 au 250 kulingana na stata yako, na isipite kile ambacho waya wenyewe unaweza kubeba. Na tafadhali sio ile ya kuzungusha karatasi ya sigara. Mnajijua.

Waya nao. Ukinunua mwembamba gari halitawaka vizuri utalaumu betri. Mita tano za waya wa 16 skwea, yaani unene wa milimita mraba 16, stata ikivuta ampia 200, unapoteza karibu volti moja nzima njiani, chukua wa 50 skwea haifiki hata nusu volti. Ni ghali, najua, mie pia nilinung'unika kaunta. Na ukinunua kwaruza ncha kwa kisu kwanza, ikitoka nyeupe ndani hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba juu, umeuziwa mapambo.

Athi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, nimeiacha kwa makusudi kwa sababu hapo nina aibu yangu. Nilipohamisha yangu nilifunga waya wa athi kwenye bolti safi kabisa ndani ya buti, nikajipongeza. Asubuhi gari inazunguka kama mgonjwa, nyee, nyee, nyee. Nikasema stata imekufa. Nikaenda kununua stata ya mtumba, elfu nne na ushee, nikalala chini ya gari nusu siku, nikaifunga, nyee nyee. Jirani yangu, mtu wa meli huyo, kaja na kipande cha msasa, kafungua ile bolti, kakwaruza rangi chini yake mpaka bati likang'aa, kafunga, kapaka grisi. Gari likawaka nusu ufunguo. Hakusema kitu, na hilo ndo liliniuma. Stata ya zamani ninayo mpaka leo, nzima. Na hapa kwetu na chumvi hii ya bahari, ile grisi sio urembo.

Mwenye BMW naye kashanipigia, yake imetoka kiwandani betri iko buti, kwani Wajerumani wajinga? Hapana, Wajerumani wameweka kibano cha chuma, wameweka paipu ya kupumulia inayotoa hewa ya betri nje ya gari, na kwenye nyingi kuna tamino yenye baruti kabisa inayokata waya wenyewe gari likigonga. Wewe una tyubu ya baiskeli.

Hiyo paipu msiichukulie mchezo hasa kwenye Vitz, buti na viti ni chumba kimoja. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inatosha kulipuka na haina harufu ya kukuonya. Kama huwezi kutoboa bati upitishe paipu, nunua betri iliyozibwa, aina ya AGM, na bado uiweke ndani ya boksi lililofungwa kwa bolti mpaka kwenye bati. Na hasi ndo ya kwanza kufungua, ya mwisho kufunga, sirudii.

Basi nikamtoa mtungi, nikamwambia afungue hasi, akafungua, tukaitoa betri yote. Gari limelala kwangu. Mtungi umepanda tuktuk kwenda kujazwa. Dada yangu kapiga simu mara mbili kuuliza kwa nini mtoto wake karudi nyumbani kwa miguu.

Betri iko barazani juu ya ubao, na tumekubaliana hairudi mpaka aje na fyuzi mkononi. Jana usiku kanitumia meseji, "Mjomba nimepata ya ampia 30, itafaa?"

Nimemwambia aiulize sabufa.