Kiburi Kinachoua Hakipigi Kelele

Mwulize mwanafunzi aliyesoma habari za Okonkwo, katika riwaya ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, kwa nini shujaa yule aliishia kujinyonga, atakujibu hata kabla hujatua: kiburi. Funzo? Tusiwe na kiburi. Anaandika "ujumbe", anapigia mstari, anahamia swali linalofuata. Jibu lake si baya. Ila limetuzoeza kumtafuta mwenye kiburi miongoni mwa wanaojitapa, na kwa ninavyoisoma fasihi mimi, wanaojitapa ndio wenye nafuu.

Sisi ni watu wa majigambo. Mpiganaji, mwindaji, mcheza ngoma, wote walikuwa na haki ya kusimama katikati ya watu na kujisifu, na hadhira ikachangamka. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani, zimejaa sifa alizojimwagia mwenyewe, lakini kilichommaliza si majisifu. Alimfichulia mwanawe siri ya kifo chake, na mwana huyo huyo akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Majigambo hufanyika mbele za watu, na watu hujibu. Anayezidisha huzomewa hapo hapo, yakaisha.

Okonkwo hakuwa mtu wa namna hiyo. Achebe anamchora akiwa na kigugumizi kidogo; hasira ikimpanda na maneno yakimgomea, ngumi hushika zamu. Wala kinachomsukuma si kujiona mkubwa. Ni woga wa kufanana na baba yake, Unoka, mpiga filimbi aliyekufa akidaiwa kila upande. Tazama habari ya Ikemefuna, kijana wa kijiji kingine aliyelelewa nyumbani kwa Okonkwo mpaka wazee walipoamua auawe. Mzee Ezeudu alimfuata Okonkwo kwake, akamwita nje, akamwambia kwamba kijana yule anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Okonkwo alisikia kila neno. Na bado, kijana alipopigwa panga la kwanza akamkimbilia huku akimlilia baba, ni yeye aliyemmalizia, kwa kuchelea wenzake wasije wakamwona dhaifu. Tangu siku hiyo kitu kilikatika ndani ya Nwoye, mwanawe wa kumzaa, na wamisionari walipofika hawakuwa na kazi kubwa ya kumpata.

Hicho ndicho kiburi ninachokiogopa: cha mtu aliyeambiwa, akaelewa, kisha akashindwa kurudi nyuma kwa sababu watu wanamtazama.

Mfalme Creon naye, katika Antigone, tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, alimfungia Antigone, mchumba wa mwanawe Haemon, pangoni kwa kosa la kumzika kaka yake, na Haemon akamwambia kwamba mji wa mtu mmoja si mji. Alikuja kukubali, tena baada ya kutishwa na mwaguzi, lakini akaanza kwa kumzika yule kaka ndipo akaenda pangoni kumtoa Antigone aliye hai. Siku moja ikamwondolea mkwe mtarajiwa, mtoto na mke.

Anayenisumbua zaidi ni Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma katika tamthilia ya Shakespeare. Tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1963, na mfasiri alikuwa Mwalimu Nyerere, Rais wa nchi changa. Ni marais wangapi wangejichagulia tamthilia ya mtawala anayechomwa visu na watu wake wa karibu? Mpiga ramli amekwisha kumwonya Kaizari, mkewe Calpurnia ameota ndoto ya kutisha, na mzee amekubali kubaki nyumbani. Anaingia Decius, mmoja wa waliokula njama ya kumwua, anamwambia kuwa Seneti itamcheka: Kaizari anangoja mkewe aote vizuri! Basi, joho likaletwa, akatoka. Njiani Artemidorus anamsihi aisome barua yake kwanza kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe, naye anajibu kwamba linalomhusu yeye litashughulikiwa mwisho. Jibu la kiungwana kabisa. Ukilisikia kwenye mkutano wa hadhara utapiga makofi. Ndani ya barua ile kulikuwa na majina ya wauaji.

Nikikisoma kisa hicho nikiwa Dodoma siwezi kujizuia kuwaza jirani. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu wizara zilipohamia kwa wingi tumejaa waheshimiwa. Ingia kwenye mgahawa wakati wa Bunge: kila meza ina "mkuu" au "kiongozi" wake, na waliomzunguka wanacheka kabla utani haujaisha. Sisemi kwamba wote wana kiburi. Wamo wasikivu kuliko sisi tunaowasema. Nasema tu kwamba watu wa aina ya Decius hawajawahi kuwa adimu popote penye madaraka, na barua za kina Artemidorus huweza kulala masijala mpaka zikapauka.

Halafu kuna jambo ambalo nasi wa hapa tunapaswa kuulizana. Dodoma hii hii ndiyo iliyomzaa Mathias Mnyampala (1917–1969), bingwa wa ngonjera. Katika ngonjera mmoja hushikilia la kwake, mwenzake akampinga ubeti kwa ubeti, mpaka aliyepotoka akakubali. Ni sanaa iliyosimama juu ya imani kwamba binadamu huambilika. Naipenda imani hiyo, ila siiamini sana. Katika ngonjera nyingi tulizokariri shuleni, mkaidi alilegea kwa ratiba: ubeti wa mwisho ukifika, anashikana mkono na mwenzake, mgeni rasmi anatabasamu, risala inafuata. Creon hakulegea kwa wakati. Okonkwo hakulegea kabisa.

Ningependa siku moja nimsikie mshairi wa huku kwetu, awe wa Ihumwa au wa Kongwa, akimwacha mkaidi wake ashikilie lake hadi ubeti wa mwisho, jukwaani, mbele ya mgeni rasmi, pasiwe na mtu wa kumalizia kwa "nimekubali, ndugu yangu".