Msimamizi wa katikati ana kosa gani?

Neno nyapara halina rafiki hapa Tanga. Linakumbusha mashamba ya enzi za ukoloni, wakati manamba walipoletwa kwa mkataba kukata mkonge na siku zao zikahesabiwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi. Aliyesimama kati ya bwana shamba na mkataji ndiye aliyechukiwa, na chuki ile ilikuwa na sababu zake. Sasa imehamia ofisini. Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, ukitaja msimamizi au meneja msaidizi utaambiwa hao wanakula mshahara wa bure. Waondolewe, mkubwa aongee na mfanyakazi ana kwa ana.

Hoja hiyo si ya barazani tu. Septemba 2024 mkuu wa Amazon, Andy Jassy, aliagiza vitengo vyake viongeze uwiano wa wafanyakazi wasio mameneja kwa mameneja kwa angalau asilimia 15 kufikia mwisho wa Machi 2025. Uholanzi, shirika la Buurtzorg lililoanza mwaka 2006 linaendesha uuguzi wa majumbani kwa vikundi vya wauguzi wasiozidi 12, bila meneja wa kikundi. Na hapa kwetu, mkulima wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Korogwe anayepalilia mkonge wake mwenyewe hahitaji mtu wa kumsimamia mgongoni. Nakubali yote hayo.

Lakini twende korona, kiwanda cha shambani kinachotoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Likinyauka, singa, yaani hizo nyuzi, hazitoki vizuri. Na katika kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo nne tu, kwa hiyo kinachopotea njiani kinauma. Mzee wangu alikuwa msimamizi wa korona kwenye shamba moja la mkoa huu. Alijua trekta ipi itakwama mvua ikinyesha, alijua maji yakipungua mashine ilishwe taratibu, alijua ni mkataji gani kafiwa asubuhi ile na mizigo yake aimalizie nani. Meneja alijua tani. Wakataji walijua mistari yao. Kilichokuwa katikati alikijua yeye, na hakikuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Chukua kampuni ya wafanyakazi 10,000. Kila watu kumi wakiwa na mkuu mmoja, na kila wakuu kumi na mkuu wao, hadi juu kabisa, unapata wakuu 1,111 katika ngazi nne. Weka watu 20 kwa kila mkuu, na wale 25 wa juu chini ya mkurugenzi mmoja: wanabaki 526, ngazi moja imefutika, na mishahara 585 imeokolewa. Mhasibu atafurahi. Ila siku ya saa nane ina dakika 480. Mwenye watu kumi, hata asipofanya jambo jingine, ana dakika 48 kwa kila mmoja. Mwenye 20 ana 24. Toa nusu ya siku kwa ripoti, simu na vikao, zinabaki 12. Ndani ya dakika hizo amfundishe mgeni, akague kazi, amsikilize aliyeumia mkono, amtambue anayenyamaza kwa woga. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara anayekosa nafasi kwanza ni huyo wa kusikilizwa. Ripoti itapelekwa tu, kwa sababu wa juu anaidai. Wa chini hana wa kumdai.

Google walijaribu mwaka 2002: waliwaondoa mameneja wa wahandisi. Baada ya miezi michache waliwarudisha, kwa sababu watu walikuwa wakimfuata Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, na madai ya matumizi yao na ugomvi wa wao kwa wao. Kazi ya mameneja ilikuwapo palepale, imehamia kwa mtu mwenye muda mdogo kuliko wote.

Wanaolalamikia ucheleweshaji wana haki, ila wanamkamata aliye karibu. Mashine ikisimama kwa sababu ya beringi, na msimamizi haruhusiwi kununua beringi bila saini ya Dar es Salaam, majani yatanyaukia pale uwanjani na lawama atabeba yeye. Ngazi ziwe tatu au saba, ombi lile litazipanda zote kama hakuna hata moja yenye ruhusa ya kusema ndiyo. Wanaotaka kupunguza ngazi ningewaomba waanzie hapo: kabla ya kufuta nafasi, wamuulize aliyeishika anaruhusiwa kutumia shilingi ngapi bila kuomba, na ni uamuzi gani wa mwezi uliopita uliokuwa wake. Wapo watakaoshindwa kuutaja hata mmoja, kwa kuwa kazi yao ni kupokea karatasi na kuipeleka mbele. Nafasi za namna hiyo zinaweza kufutwa, wenyewe wakatafutiwa kazi nyingine, na shamba lisitetereke. Nyingi, nadhani, tutazikuta makao makuu, mbali kabisa na korona.