Chatu hakuwa na mita tatu!

Kwanza nisahihishe ile sauti mnayotumiana WhatsApp tangu jana, eti chatu wa mita tatu alinifanya nijikojolee. Chatu hakuwa na mita tatu. Rula ya mdogo wangu inasema sentimita 45, unene wa dole gumba. Na suruali yangu ililowa maji ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. SAMBAZA. Tuelewane.

Mdogo wangu mnamjua, yule wa kulala na vitabu vya wanyama. Ametuletea nyumbani chatu wa kifalme, Python regius, eti huko Ulaya na Marekani watu wanamfuga kama sisi na simbilisi. Hana sumu, anaweza kufika miaka 30, akishtuka anajiviringa kama mpira, kichwa anakificha katikati. Akaniambia mimi mkubwa wake: "Yaya, huyu ni mwoga kuliko wewe." Alichosahau kuniambia ni kwamba nyoka huyo anapenda kujibana mahali padogo penye giza.

Kama ndani ya kaske, kofia ngumu ya sisi motari wa pikipiki.

Saa kumi na moja alfajiri, umeme hakuna, nikavaa bila kuchungulia. (Ninyi mnachungulia? Msinidanganye.) Nikapakia mama mmoja na beseni lake la sambaza, tukashika njia ya sokoni. Nilihisi sponji imelegea kidogo. Basi, sponji. Tulipokaribia ronpwe ya Chukudu, ule mzunguko wa barabara hapa Goma, sponji ikahama.

Ikateremka nyuma ya sikio la kushoto, taratibu, bila haraka yoyote, laini kama mkanda mpya wa ngozi. Ikatua shingoni. Ikapumzika. Halafu kitu chembamba kikanigusa ndewe ya sikio, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

"Motari, mbona unaimba?" mama akauliza.

Mama, sikuwa naimba.

Nilikanyaga breki, beseni likaja mgongoni, kaske ikaruka. Nilipopata akili nilikuwa juu ya magunia ya makaa, kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ya mtu nisiyemjua. Chini barabarani chatu amejiviringa, saizi ya chungwa, kichwa kaficha. Watu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakamtazama yeye tena. Mmoja akatoa simu. Sitamtaja, yumo humu anasoma.

Sambaza nimelipa. Mwenye chukudu nimemwomba radhi. Mdogo wangu amenuna: chatu amegoma kula, eti nimemtia hofu.

Mimi pia sijala tangu jana. Hakuna aliyeuliza.