Kukompaili peke yake hakutoshi: lupu zako au maktaba ya matriksi?

Kuna hoja naisikia sana kwa watu wanaoandika C, C++ na Fortran, kwamba maktaba za hesabu za matriksi kama OpenBLAS na MKL (kodi ambayo wengine wameshaiandika, wewe unaiita tu) ni za watu wa Python, Python yenyewe ni nzito kwahiyo lazima ikope nguvu sehemu, ila sisi programu yetu ishakompailiwa, inaongea na prosesa moja kwa moja, sasa maktaba ya nini tena, lupu tatu, moja ndani ya nyingine, na flagi ya -O3 (inayoiambia kompaila iharakishe programu) zinatosha. Hoja hii ina ukweli ndani yake na nitaufikia, ila naona wengi wanachanganya kukompailiwa na kuwa na spidi, na hasara yake ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Tupige hesabu. Chukua matriksi mbili za 1000 kwa 1000 uzizidishe. Kila namba ya jibu inataka kuzidisha mara 1000 na kujumlisha mara 1000, namba za jibu ziko milioni moja, jumla operesheni bilioni 2. Lupu ya ndani inabeba jumla moja, inaongeza, inaongeza, inaongeza, na kila kujumlisha kunasubiri kule kulikotangulia kuishe kwanza. Kwenye prosesa nyingi za sasa kujumlisha namba za desimali kunachukua kama mizunguko 4, kwahiyo mara bilioni moja ni mizunguko bilioni 4, na kwa 3 GHz hiyo ni sekunde 1.3, tena hapo nimechukulia kwamba memori haicheleweshi chochote, kitu ambacho hakipo. Sasa kori hiyohiyo moja (kori ni kitengo kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa), kama ina AVX2, yaani maelekezo ya kushughulikia namba nne kwa mpigo, na sehemu mbili za kuzidisha-na-kujumlisha kwa mpigo, inaweza operesheni 16 kwa kila mzunguko, yaani kazi yote ni kama sekunde 0.04. Tofauti ni zaidi ya mara 30, kwenye kori moja, hata hatujagusa nyuzi, yaani kugawa kazi kwa kori nyingi. Hiyo 0.04 ni ukomo wa prosesa, hakuna anayeufikia wote, lakini maktaba nzuri inausogelea sana na lupu ya kawaida haiuoni hata kwa mbali.

Mtu atauliza, si kompaila ina akili, kwanini isifanye yenyewe? Jibu ni kwamba hairuhusiwi. Namba za desimali ukibadilisha mpangilio wa kuzijumlisha jibu linabadilika kidogo mwishoni, na kompaila inayofuata sheria haiwezi kukubadilishia jibu bila ruhusa yako, hata ukiweka -O3. Ruhusa ipo, inaitwa -ffast-math, ila hiyo inashika faili zima, na pamoja na mengine inaiambia kompaila NaN (alama ya jibu lisilo namba, kama la 0/0) hazitatokea kamwe, kwahiyo ile sehemu uliyoandika kukagua NaN inaweza kufutwa kimyakimya. Umetaka spidi sehemu moja umepoteza kinga kila sehemu.

Alafu kuna memori. Kwenye C namba za mstari mmoja zimekaa jirani, ukishuka na safu ya matriksi ya pili kila hatua unaruka baiti 8000. Prosesa haichukui namba moja, inachukua baiti 64 kwa pamoja, namba 8, wewe unatumia moja na saba zinaweza kutolewa kwenye keshi (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) kabla hujazirudia. Wapinzani wa maktaba hapa wana jibu zuri na tuwape haki yao: geuza mpangilio wa lupu, i (mstari wa jibu) kisha k (hatua za kujumlisha) kisha j (safu ya jibu), sasa unatembea mstarini, kompaila inaweza kufanya namba nne kwa mpigo bila kuvunja sheria yoyote, na spidi inapanda kweli. Kama hujawahi kufanya hivyo, fanya leo. Tatizo ni kwamba hapo bado kila ukitaka kuongeza kitu kwenye jibu unalisoma kutoka keshi na kulirudisha tena, prosesa inashinda inabeba mizigo badala ya kuzidisha.

Maktaba inafanya nini tofauti? Angalia BLIS, maktaba ya chuo kikuu cha Texas pale Austin, kwenye prosesa za AVX2 kama Haswell ya Intel. Inashika kipande cha jibu cha mistari 6 kwa safu 8, namba 48, inakiweka kwenye rejista 12 kati ya 16 zilizopo (nafasi za kushika namba ndani ya kori yenyewe) na hakitoki humo mpaka kazi ya kipande hicho iishe. Kila hatua inaleta namba 6 upande huu na 8 upande ule, namba 14 tu, na hizo 14 zinazalisha kuzidisha-na-kujumlisha mara 48. Mimi hiyo 14 kwa 48 naiona ndo moyo wa jambo zima. Lupu yako hata ukiigeuza, kila mara moja ya kuzidisha inadai kusoma namba mbili na kuandika moja. Kasoro hiyo huwezi kuirekebisha kwa flagi, unairekebisha kwa kupanga upya kazi yote, kuikata vipande vya kutosha kila ngazi ya keshi, kunakili matriksi kwenye mpangilio mwingine kabla ya kuanza, alafu kurudia yote prosesa mpya ikitoka. Kazushige Goto alikuwa anaandika sehemu hizo kwa asembli, lugha ya prosesa yenyewe, kwa mkono, na maktaba yake ya GotoBLAS ndo iliyozaa OpenBLAS. Yule alifanya kazi hiyo ili wewe usiifanye.

Na jina la kuita halibadiliki. BLAS, orodha ya majina ya operesheni ambayo maktaba hizi zote zinaifuata, ilichapishwa 1979, zile za matriksi kwa matriksi zikaja 1990, na programu ya miaka hiyo inayoita dgemm (jina la kuzidisha matriksi kwa matriksi) ukiilinki leo na maktaba ya leo inapata spidi ya leo bila kugusa mstari hata mmoja. Lupu zako zinabaki palepale ulipoziacha.

Kitu kinachoniuma zaidi ni watu kuihukumu maktaba ambayo hawajaijaribu. Mtu anaandika -lblas (linki na BLAS iliyopo kwenye mashine), anapima, anakuta haina tofauti na lupu zake, anatangaza kwamba mambo ya maktaba ni hadithi. Kwenye mifumo mingi ya Linux hiyo -lblas inaweza kuwa ile ya mfano kutoka Netlib, hazina ya kodi za hesabu, ambayo ndani ni lupu za Fortran za kawaida kabisa, imewekwa kuonyesha jibu sahihi ni lipi, haijawahi kuahidi spidi. Piga ldd (amri inayoorodhesha maktaba zinazotumika) kwenye programu yako uone imeshika nini kabla hujasema kitu.

Sasa upande wa pili, maana upo na sio wa kupuuza. Matriksi za 3 kwa 3 au 4 kwa 4, za kuzungusha vitu kwenye grafiki, usizipeleke dgemm, gharama ya kuita tu inazidi kazi yenyewe, hapo lupu zako au Eigen (maktaba ya C++) yenye saizi zinazojulikana wakati wa kukompaili inashinda. Hata gfortran, kompaila ya Fortran, inajua hilo, ukiiambia -fexternal-blas itatuma matmul (kuzidisha matriksi kwa Fortran) kwenye BLAS ya nje matriksi zikiwa kubwa tu, na mpaka wake wa kawaida ni 30. Matriksi kwa vekta pia usitegemee muujiza, kila namba ya matriksi inatumika mara moja tu, memori ndo inaamua. Nyuzi nazo zinauma, mimi nilishawahi kuwasha prosesi 8 kwenye mashine ya kori 8, kila moja ikafungua nyuzi 8 bila kuniuliza, nyuzi 64 zinagombania kori 8, nikawa polepole kuliko nilipoanza, mpaka nikaweka OPENBLAS_NUM_THREADS=1, yaani uzi mmoja kwa kila prosesi. Na majibu yanaweza kutofautiana tarakimu za mwisho ukibadilisha idadi ya nyuzi au mashine, kwa mtu anayetakiwa kutoa jibu lilelile biti kwa biti hilo ni tatizo la kweli, MKL ina hali maalum ya kulidhibiti ila unalipia spidi kidogo.

Hayo yote nayakubali, ila hoja ya spidi hata sio kubwa kuliko zote, kubwa zaidi ni usahihi wa jibu. Tazama hesabu hii ndogo: 10⁻²⁰ mara x, jumlisha y, ni 1, na x jumlisha y ni 2. Jibu ni x karibu 1 na y karibu 1. Andika njia ya kuondoa ya Gauss (kutumia mlinganyo wa kwanza kuondoa x kwenye wa pili) kama ulivyofundishwa, bila kubadilishana mistari, utapata y ni 1 na x ni 0. Sifuri kamili, bila onyo, programu imekompailiwa vizuri na inakimbia. dgesv ya LAPACK, maktaba ya kutatua milinganyo iliyojengwa juu ya BLAS, inabadilishana mistari panapohitajika na inakupa 1 na 1. Nimeona kodi za watu makini zenye kosa hilohilo, limekaa miaka, kwa sababu data ilikuwa haijawahi kulichokoza.

Kwahiyo kwenye kazi zangu lupu tatu sijazifuta, zimehamia kwenye faili la testi. Zinazidisha matriksi ya 50 kwa 50, dgemm inazidisha ileile, testi inaruhusu tofauti ndogo ya tarakimu za mwisho na inakataa ikizidi hapo, na juu yake nimeweka mstari mmoja unaochapisha jina la maktaba iliyoshikwa.