Ssese si ardhi iliyolala

Mwambie mtu wa Lamu au Zanzibar kwamba Uganda nayo ina visiwa. Atacheka kwanza, kisha atauliza bahari mmeipata wapi. Namwelewa, maana hata sisi tuliosoma huku tulikaririshwa kwamba nchi yetu haina pwani, tukaridhika. Lakini wilaya ya Kalangala peke yake ina visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, kusini kidogo ya ikweta, vyenye vijiji, misitu, viboko na mamba. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Mvuvi aliyekutwa na dhoruba usiku wa manane kati ya kisiwa cha Bugala na mji wa Entebbe hana haja ya kuonyeshwa bahari nyingine.

Kuhusu visiwa hivi vya Ssese nimechoka na hoja mbili. Wafanyabiashara wa utalii wanasema ni Edeni, hapajaguswa na mkono wa mtu. Wapenda miradi wanasema ni ardhi iliyolala, ipandwe kitu. Wote wawili wamesahau malale.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Hesketh Bell ikaanza kuwahamisha watu wa mwambao, na mwaka 1909 zamu ikawafikia watu wa Ssese. Hawa hawakuwa wakazi wa porini. Walikuwa na mashamba, walikuwa mafundi wa mitumbwi ya kushonwa, na kwao, kisiwani Bubembe, ndiko lilikokuwa hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa aliyeheshimiwa Buganda nzima. Waliondolewa, na walipoanza kurudi miaka ya baadaye walikuta miti imejiotea palipokuwa pao. Kwa hiyo sehemu ya msitu tunaouita wa tangu enzi ni mdogo kwa umri kuliko reli ya kutoka Mombasa.

Ndiyo maana sitetei msitu wa Ssese kwa sababu eti haujaguswa. Naanzia kwenye mvua.

Ziwa hili linajitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara, mawingu yanajikusanya juu ya vilima vya huku kwetu na mvua inatupiga alasiri. Usiku mambo yanageuka: bara linapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, upepo unarudi ziwani kutoka pande zote na kukutana katikati. Hapo ndipo radi za alfajiri zinapozaliwa, zile zinazowapata wavuvi wa dagaa wakiwa bado na taa zao majini. Upande wa kaskazini-magharibi, waliko Ssese, hupata mvua kubwa kuliko sehemu nyingi za ziwa, inayoweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Na asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ziwani hayatoki kwenye mito. Yanatoka moja kwa moja mawinguni.

Mvua hiyo ndiyo iliyoukuza msitu haraka baada ya watu kuondoka. Na mvua hiyohiyo ndiyo iliyoleta michikichi, kwa kuwa mchikichi unapenda mvua nyingi isiyokatika miezi mirefu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, maelfu ya hekta za kisiwa cha Bugala yamekuwa mashamba ya mawese. Nitasema haki: wakulima wadogo waliojiunga wanapata malipo kila mwezi, na fedha ya uhakika ni kitu ambacho mvuvi hakijui. Siwezi kukaa Entebbe nikamwambia mama anayelipa ada kwa michikichi kwamba ang'oe miche yake kwa ajili ya kasuku.

Ila kisiwa si bara. Yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka, na Ssese vilikuwa vilima tu. Wanyama walifika kwa miguu, kisha maji yakarudi yakawafungia. Sio Madagascar, iliyoachana na India miaka milioni 88 iliyopita na kupata muda wa kutosha kuwa na lemuri wake wasiopatikana kwingine. Sisi muda wetu ni mfupi, na bado kuna kitu kimeanza. Kisiwani Nkose nzohe, swala wa majimaji, wanaishi msituni, nchi kavu, ilhali jamaa zao wa bara ni wa vinamasi na mafunjo. Wanasayansi wamewapa hadhi ya nususpishi. (Wa ukoo wa Njobe, ukoo wa Buganda wenye jina la mnyama huyu, mtafurahi kusikia.) Nzohe wa Nkose akiisha, hakuna kundi la jirani litakalokuja kujaza nafasi yake.

Udogo wenyewe ni tatizo. Pale Ngamba, kisiwa cha hekta 40 hivi kilichofanywa makao ya sokwe yatima mwaka 1998, msitu hauwezi kuwashibisha, hivyo wanaletewa chakula kwa boti kila leo.

Majini tulishajionea. Sangara, au mputa kama tunavyomwita hapa, aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Alileta viwanda na dola, na miaka ya 1980 spishi za furu, samaki wadogo, zilizokuwa zimezaliwa humu tu zikaanza kutoweka. Zinakadiriwa kufikia 200. Dola tulizipokea. Furu hawajarudi.

Sasa michikichi imefika Buvuma, kundi jingine la visiwa, na hapo ndipo ninapotaka tubishane. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Kwenye kisiwa chembamba mita 200 ni ardhi nyingi, najua, na ndiyo sababu kila mtu huipima kwa jicho. Miti ya ukingoni ndiyo inayozuia udongo na mbolea visisombwe na mvua ile ya milimita 2,000 hadi kwenye mazalia ya samaki. Mwani ukilishwa na mbolea hiyo ukajaa kwenye ghuba, anayekosa sato ni mvuvi yuleyule asiye na mchikichi hata mmoja.

Mawe ya mipaka yachimbiwe kabla ya miche kushushwa mwaloni, na yachimbiwe mbele ya wavuvi, si mbele ya meneja wa shamba peke yake. Palipokwisha kupandwa ndani ya mita 200, mti ung'olewe na mkulima mdogo alipwe fidia. Shamba kubwa lijing'olee lenyewe.