Krismasi na mtoto asiyepewa nafasi ya kutoa

Desemba iliyopita tulifika kwenye makao ya watoto mtaani Manyatta, Kisumu, na unga, mchele, mafuta ya kupikia na katoni mbili za biskuti. Tulikuwa kundi la tatu siku hiyo. Watoto walipangwa, wakatuimbia, wakashukuru, tukapiga picha. Nilirudi Kondele nimejaa furaha ya kweli, na siikani. Ila kuna jambo dogo lililonikaa moyoni, nitalifikia.

Wapo wanaoilaumu furaha ya namna hii. Wanasema ni kujitangaza: mfuko mmoja wa unga, picha ishirini, halafu kimya hadi Desemba nyingine. Wanakumbusha lile neno la Mathayo, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Wana hoja nzito. Picha ya mtoto akipokea unga itabaki kwenye simu za watu hata atakapokuwa mtu mzima, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Tena Januari, karo na sare zikidaiwa, hakuna anayepiga hodi pale langoni.

Lakini wanasahau sufuria. Mwenye njaa haulizi mchele umeletwa kwa nia gani. Na furaha ya mtoaji si unafiki. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu mjini Vancouver, Kanada, walipewa dola 5 au 20 asubuhi. Baadhi waliambiwa wazitumie kwa mambo yao, wengine wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na ukubwa wa pesa haukubadilisha kitu. Mama wa omena pale soko la Kibuye anayemtilia mteja nyongeza ya kiganja anaipata furaha hiyo sawa na tajiri mwenye lori.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa 2012, wa mwanasaikolojia Lara Aknin na wenzake, kwa watoto ambao hawajatimiza miaka miwili. Walipewa vitafunio, kisha wakamgawia mwanasesere aliyechezeshwa kwa mkono. Nyuso zao zilionyesha furaha zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na zaidi hasa walipotoa vya kwao wenyewe.

Ni heri kutoa kuliko kupokea, kinasema kitabu cha Matendo. Sisi wenye mifuko ya unga husoma mstari huo kwa upande wetu tu. Kama heri kubwa iko kwa mtoaji, basi siku ile tuliibeba yote, watoto tukawaachia ile ndogo.

Nyumbani kwetu Butere mambo hayaendi hivyo. Mpelekee kukhu, yaani nyanya yako, kilo mbili za sukari na majani chai, uone kama utaondoka mikono mitupu. Atakufungia jogoo miguu kwa kamba ya mkonge, au akutwike mkungu wa ndizi. Jogoo ana bei kuliko sukari yako, na ukimkataa umemtukana. Hapo hakuna mfadhili na maskini, kuna mgeni na mwenyeji.

Kuna aliyeniuliza kama huko si kumwongezea mzigo asiyenacho. Ni swali la haki, kwani kuna boma ambalo jogoo ni huyo mmoja tu. Lakini sisemi tudai chochote. Nasema tupokee tunapopewa.

Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia. Hiyo si sababu ya kuwaacha walio makaoni sasa. Ila kama nina mfuko mmoja tu, mimi ningeanza na nyanya anayelea wajukuu, ambaye mlango ni wake na anaweza kunikaribisha chai.

Sasa lile jambo dogo. Tulipokuwa tukiaga, mvulana wa kama miaka sita aliivunja biskuti yake, akaninyooshea nusu. Nikamwambia, "Kula tu, ni yako." Nilidhani nimemfanyia wema. Alirudisha mkono, akaila ile nusu polepole, macho chini, nami nikaitwa kwenye picha.